Kifuniko cha Sufuria

Tulikwenda kuchagua mbwa tukiwa na orodha.
Lela aliiandika nyuma ya risiti ya gesi:
asiizidi meza ya jikoni kwa urefu,
asibweke usiku (jirani wa chini ana moyo mbovu),
asiwe na meno.
Hilo la mwisho aliliongeza Otia, miaka mitatu na nusu,
kwa mdomo tu, maana hajui kuandika.

Kutaisi ilikuwa imelowa chapachapa.
Kwenye ngazi za soko walilala mbwa wa mtaani,
kila mmoja na kipande cha plastiki ya njano sikioni
kama mzigo uliokwisha kulipiwa ushuru.
Tekle aliwahesabu dirishani mwa gari:
"Huyu si wa mtu. Huyu si wa mtu. Na huyu."

Bi Nazibrola alitupokea langoni
amevaa mabuti ya marehemu mumewe.
Hakuuliza tunataka mbwa gani.
Aliuliza tunakaa ghorofa ya ngapi,
nani huamka wa kwanza,
na mtoto akikosea, nani hupaza sauti.
Nilimtazama Lela. Lela aliitazama orodha.

Akatoa kwanza kitoto cheupe, tumbo kama andazi,
watoto wakapiga magoti matopeni palepale.
"Mzuri," akasema, "kama njiti ya kiberiti ilivyo nzuri.
Mwakani atakuwa na kilo hamsini,
na huyu wenu kumi na sita. Nani atamshika nani?"

Akaja mwembamba, mchunga kondoo wa milima ya Racha.
Aliwazunguka watoto, akawazunguka tena,
mpaka wakajikuta wamebanwa kwenye kona pamoja na ndoo mbili.
Tekle alicheka. Otia hakucheka.

Wa tatu alikuwa jike, rangi ya zulia lililofuliwa mno,
sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa.
Alikaa. Hakutikisa mkia, hakutubembeleza.
Nikawaza: huyu hana la kutuambia.
Ndipo yule mama akachukua kifuniko cha sufuria
akakiachia sakafuni.

Sote tuliruka. Jike aliruka kutushinda,
akajichimbia chini ya benchi,
akakaa huko pumzi nne, tano,
kisha akatoka, akakinusa kifuniko,
akaja kumnusa Otia magotini
kana kwamba anauliza: na wewe, hukuumia?

"Asiyeogopa simwamini," akasema Bi Nazibrola.
"Mimi namtafuta anayerudi."

Basi, tumempata. Natia mkono mfukoni nitoe kamba mpya,
na Otia anaukamata mkia kwa mikono miwili,
anauvuta kama anayeng'oa figili.

Jike aligeuza shingo. Akalamba pua yake. Akapiga miayo.
Nami nikasema, kwa furaha: "Si unaona? Mvumilivu!"

Mama alimrudisha bandani, akafunga komeo.
"Huo si uvumilivu. Alikuwa akisema *tafadhali*.
Mbwa husema mara kumi kabla ya jino.
Ninyi mmesikia ngapi?
Yeye yuko tayari. Ninyi rudini baada ya wiki tatu."

Kwa hiyo kila jioni nilikuwa mbwa.
Nilikula kwa miguu minne chini ya meza,
na Otia alijifunza kupita mbali na sahani yangu.
Nikigeuza shingo, anarudi nyuma hatua moja.
Nikipiga miayo, anaficha mikono mgongoni.
Tekle alitoa alama. Alikuwa mbahili wa alama.

Jumatano ya pili nilitoka kazini kichwa kinagonga,
na Otia akamwaga maharagwe juu ya viatu vyangu.
Sauti iliyonitoka, nadhani jirani wa chini aliushika moyo wake.

Mtoto aligeuza shingo.
Akalamba mdomo wa juu.
Akapiga miayo.

Nilitoka roshani, nikasimama kwenye baridi
pumzi nne, tano.
Kisha nikarudi, nikapiga magoti ndani ya maharagwe.
Otia alingoja kidogo.
Halafu akasogea, akaninusa shati.